Merikebu ya Sayuni: Utangulizi wa Somo la Imani na Ujasiri katika Historia ya Wamarekani Weusi

Mwezi Desemba mwaka 1854, barua yenye jina la Jacob Jackson ilifika posta huko pwani ya mashariki ya Maryland, Marekani. Jackson alikuwa Mweusi aliye huru, tena anajua kusoma, na mambo hayo mawili yalitosha kumfanya awekewe macho. Wakubwa wa posta wakaifungua barua kabla mwenyewe hajaiona. Ndani wakakuta salamu za kawaida tu: wazee wasalimiwe, na ndugu waambiwe wadumu katika maombi na wawe tayari kupanda merikebu ya Sayuni itakapofika. Aliyetajwa kuwa mwandishi ni kijana aliyelelewa na Jackson, ambaye alikuwa amekwisha kwenda kaskazini. Hapo ndipo wachunguzi waliposhtuka, maana walijua kijana yule hana wazazi wala ndugu. Wakamwita Jackson. Akaipitia barua upesi, akaitupa, akasema haiwezi kuwa yake kwani haioni kichwa wala miguu. Kisha akaondoka zake, akaenda kuwapa habari vijana watatu wa Mzee Ben Ross: dada yenu Harriet yuko njiani, jitayarisheni.

Harriet huyo ni Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani mwaka 1849 na kurudi tena na tena kuwachukua wengine. Kaka zake walikuwa wamepangiwa kuuzwa siku inayofuata Krismasi. Walikutana na dada yao, pamoja na watoro wengine, katika banda la kuwekea mabua ya mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao. Mama yao, Rit, alikuwa amewaandalia wanawe chakula cha sikukuu. Kila mara alitoka mlangoni, mkono juu ya nyusi, akaitazama njia waliyozoea kuja nayo. Wao walikuwa wakimwona kupitia nyufa za mbao, hatua chache tu kutoka aliposimama. Hawakuthubutu kumwita, kwa kuwa furaha yake ingetoa sauti, na sauti hiyo ingewaponza wote. Watoro wawili ambao mama hakuwafahamu wakatumwa kumwita baba pembeni. Mzee Ben akaleta chakula, akakipenyeza ndani bila kuangalia nyuso za wanawe. Ulipofika wakati wa safari akajifunga kitambaa machoni, vijana wakamshika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, akawasindikiza hivyo hivyo kipofu wa hiari. Mwishowe akasimama barabarani, akisikiliza vishindo vya miguu yao mpaka vikapotea. Walipokuja wenye kuwasaka, akajibu kwamba hajawaona wanawe Krismasi ile.

Alikuwa mtu wa dini aliyeheshimika kwa ukweli wake, na hakutaka kusema uongo.

Kila mwaka ninapofundisha kisa hiki darasa hugawanyika. Wako wanaosema mzee alidanganya, kitambaa au hapana kitambaa. Wako wanaosema aliheshimu amri ya Mungu na uhai wa wanawe kwa pamoja, akiwa katika nchi ambayo sheria yake haikumwachia njia nyingine. Mimi niko upande wa hawa wa pili, lakini kinachonipendeza zaidi ni ubishi wenyewe, kwa sababu unamfikisha mwanafunzi mahali penyewe. Mzee yule hakuwa na imani ya Jumapili peke yake. Aliitumia kufikiri: jambo gani nifanye, nalifanyeje, na nitasimamaje nikiulizwa. Ile barua nayo ilisafiri salama kwa sababu maneno ya kanisani yalikuwa na masikio mawili. Mkuu wa posta alisikia dini, na Jackson akasikia ratiba ya safari.

Karibu basi, ndugu msomaji, katika somo hili. Linakaa katikati ya historia, elimu ya dini na fasihi, na swali lake kuu ni hili: watu waliponyang'anywa jina, ujira na hata watoto, imani iliwafanyia kazi gani kwa mikono na miguu? Nasema kazi kwa makusudi. Vitabu vingi vya kutia moyo huieleza imani ya watu hawa kama faraja iliyowatuliza, kisha ujasiri ukaja wenyewe kama mvua. Nyaraka zinaonyesha jambo zito zaidi. Zinaonyesha watu waliopika, waliochanga fedha, walioandika daftari, waliotunza siri, na waliofanya yote hayo kwa lugha na taratibu walizojifunza katika ibada.

Msomaji wa Kiswahili anaingia humu akiwa na neno moja ambalo tayari limevuka bahari. Mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, alichukua maneno saba ya Kiswahili kuwa nguzo zake, na ya mwisho, inayoadhimishwa tarehe 1 Januari, ni imani. Leo Marekani wako wasichana wengi wanaoitwa Imani. Hata hivyo tusijidanganye kuhusu nasaba. Waliopelekwa kule kwa minyororo walitoka zaidi Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, na wachache sana walitoka pwani yetu. Neno letu walilichagua wajukuu, kwa hiari yao, miaka mingi baadaye. Ni heshima tuliyopewa, na heshima hiyo inatudai tuijue historia yao vizuri.

Tuanze na chungu. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwalipa waandishi wakawahoji wazee waliozaliwa utumwani, na mahojiano zaidi ya 2,300 yakahifadhiwa. Katika mahojiano hayo kitu kimoja kinarudi kutoka jimbo hadi jimbo. Wazee wanasimulia jinsi watumwa walivyokuwa wakikutana usiku kusali kwa siri, porini au ndani ya vibanda, na jinsi walivyokipindua chungu kikubwa cha chuma, wakakiweka mlangoni au katikati ya chumba, ili kimeze sauti isimfikie bwana. Chungu hakimezi sauti, na wengi wa wazee hao lazima walilijua hilo, maana wameshinda maisha yao yote karibu na vyungu. Wataalamu wamejaribu kueleza. Albert Raboteau, ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu dini ya watumwa bado ni mlango mkuu wa somo hili, alitazama uwezekano kwamba desturi hiyo ni mabaki ya ibada za Afrika Magharibi ambazo maana yake ya kwanza ilikuwa imesahaulika. Mimi sioni haja ya kuharakisha jibu. Kinachojulikana ni kwamba kusali kulikuwa na bei, bei yenyewe viboko, na watu walikwenda kusali wakiwa na mpango wa kujilinda mkononi.

Walisali dhidi ya mahubiri pia. Wahubiri waliolipwa na mabwana hawakuchoka kufundisha kwamba mtumwa amtii bwana wake. Makanisa makubwa yenyewe yalipasuka kwa sababu ya utumwa, Wamethodisti mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, na upande wa kusini ukautetea kwa aya za Biblia. Frederick Douglass, aliyetoroka Maryland na kuchapisha maisha yake mwaka 1845, aliona lazima aongeze maelezo mwishoni mwa kitabu kuitenga dini ya Kristo na dini ya wenye watumwa, kwa kuwa mwenye kuipenda ya kwanza hana budi kuichukia ya pili. Anayeingia katika somo hili akitafuta sifa za dini peke yake atakwama hapo, na anayeingia akitafuta kuilaumu peke yake atakwama kwenye kile chungu.

Wala imani hiyo haikuwa ya Kikristo tu. Msomaji aliyepitia chuoni Lamu au Unguja, akapigwa kiboko kwa kukosea herufi, naomba amkaribie Omar ibn Said. Alizaliwa karibu mwaka 1770 huko Futa Toro, katika Senegali ya leo, akasoma kwa miaka 25, akatekwa vitani na kufikishwa Charleston mwaka 1807, mwaka mmoja tu kabla sheria ya Marekani haijakataza kuingiza watumwa kutoka nje. Alimtoroka bwana mkatili, akakamatwa Fayetteville, North Carolina, na akiwa jela akaanza kuandika kwa Kiarabu kwenye kuta. Watu wakaja kushangaa. Mtumwa anayeandika ilikuwa ajabu, na hati yenyewe hakuna aliyeweza kuisoma. Akanunuliwa na familia ya Owen, akabaki mtumwa mpaka kufa kwake katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 1831 alitakiwa aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiarabu, akiomba radhi kwamba amesahau mengi ya lugha. Lakini kabla hajasema neno moja juu ya nafsi yake, alianza kwa kunakili Suratul Mulk. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona hapa jambo ambalo Mwingereza huhitaji kuelezwa, kwa sababu mulk ni ndugu wa neno letu milki, na tunapolitamka tunasikia kumiliki, mmiliki, kumilikiwa. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenzake anafungua kitabu chake kwa sura inayotangaza milki ni ya nani. Waliomzunguka walimsifu kuwa mtumwa mpole aliyebatizwa, na Biblia yake ya Kiarabu bado imehifadhiwa katika Chuo cha Davidson. Wasomi wanabishana mpaka leo kama alibaki Mwislamu moyoni. Hati yenyewe ilipotea machoni pa watu kwa miongo kadhaa, na tangu mwaka 2017 iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona. Fungua ukurasa wa kwanza, uisome Bismillahi kwa mwandiko wake wa Kimaghribi.

Kutokana na Omar napenda mwanafunzi apate tabia moja: asiridhike na hadithi ya kutia moyo mpaka ameona imesimama juu ya nini. Katika fani hii tumeumia mara mbili, kwa kupuuza ukweli na kwa kuutia chumvi.

Mfano wa kupuuza ni Harriet Jacobs wa Edenton, North Carolina. Alimkimbia bwana aliyemwandama kwa tamaa, akajificha juu ya nyumba ya bibi yake, katika kijichumba cha chini ya paa chenye urefu wa futi 9, upana wa futi 7, na kimo kisichozidi futi 3. Hakuweza kusimama humo. Panya walimpita mwilini, joto la kiangazi likayeyusha utomvu wa mbao. Alikuta keekee imesahaulika, akatoboa matundu madogo, akaweka jicho hapo ili awaone watoto wake wakipita chini, nao hawajui kwamba mama yao yuko juu ya vichwa vyao. Alikaa humo karibu miaka 7. Alipokichapisha kisa hicho mwaka 1861 kwa jina la kubuni, wasomaji wengi walikipokea, lakini baadaye maprofesa wakaamua kuwa ni riwaya iliyotungwa na mwanamke wa Kizungu, kwani mambo yale yalipita kiasi. Mpaka miaka ya 1980 ndipo Jean Fagan Yellin, kwa kufuatilia barua za Jacobs mwenyewe na kumbukumbu za Edenton, akathibitisha kwamba mwandishi ni yeye na kisa ni chake. Ushahidi ulikuwepo muda wote, ila hakuna aliyejisumbua kwenda kuutafuta.

Kutia chumvi kuna mfano maarufu zaidi, nao unamhusu Tubman. Vitabu vya watoto na mabango bado vinasema alifanya safari 19 na kuwaokoa watu 300. Takwimu hizo zilienezwa na Sarah Bradford, aliyeandika maisha yake mwaka 1869 kwa nia njema ya kumtafutia fedha. Watafiti wa karne hii, Kate Clifford Larson akiwa mstari wa mbele, walipolinganisha barua, matangazo ya watoro na daftari za waliowapokea, walipata safari takriban 13 na watu wapatao 70. Wanafunzi wangu husononeka wakisikia hivyo, kana kwamba nimempokonya mama huyo kitu. Huwaambia wangoje. Wale 300 walikuwa umati usio na sura. Kati ya hawa 70, wengi tunawajua kwa majina: nani aliacha mke mjamzito, nani alibadili jina alipofika Kanada. Tena hesabu hiyo haihusu usiku wa tarehe 2 Juni 1863, alipoongoza pamoja na jeshi la Muungano uvamizi wa Mto Combahee, South Carolina, na watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani kwa mkupuo mmoja.

Majina hayo tunayo kwa sababu ya karani mmoja. William Still, mwana wa watu waliokuwa watumwa, alifanya kazi Philadelphia katika ofisi ya wapinga utumwa, na kila mtoro aliyepita kwake alimketisha, akamuuliza jina, umri, alikotoka na aliowaacha nyuma. Siku moja ya mwaka 1850 alimhoji mtu wa makamo, na jinsi maelezo yalivyoendelea akatambua kwamba anamhoji kaka yake wa tumbo moja, Peter, aliyeachwa utumwani kabla yeye hajazaliwa. Tangu hapo aliandika kwa bidii kubwa zaidi. Daftari hizo zingeweza kumfunga jela yeye na kuwarudisha utumwani wengine, hivyo akazificha, na mwaka 1872, watumwa wakiwa huru, akazitoa kuwa kitabu. Vijana wa Mzee Ben wamo humo, wamefika tarehe 29 Desemba 1854.

Karne ya ishirini ina nyaraka tele, na hapa nitachagua kwa upendeleo. Kila msomaji amewahi kusikia habari za Montgomery, Alabama: Rosa Parks kukataa kuinuka kitini tarehe 1 Desemba 1955, na Weusi kususia mabasi kwa siku 381. Mimi humpeleka mwanafunzi katika majiko mawili ya mji huo. La kwanza ni la Martin Luther King, mchungaji wa miaka 27, ambaye usiku wa tarehe 27 Januari 1956, baada ya simu ya kumtishia maisha, alikaa na kikombe cha kahawa akakiri mbele za Mungu kwamba nguvu zimemwishia. Amesimulia mwenyewe kwamba aliinuka pale akiwa mtu mwingine. Siku tatu baadaye nyumba ililipuliwa kwa bomu, naye akasimama barazani kuutuliza umati wenye silaha.

Jiko la pili ni la Georgia Gilmore, mpishi na mkunga, mama wa watoto kadhaa. Yeye na wenzake walikaanga kuku na samaki, wakaoka keki, wakauza majumbani na saluni, kisha fedha wakazipeleka kwenye mkutano wa kanisani na kuzitangaza mbele ya waumini wanaoshangilia. Kundi lao walilipa jina lenye maana ya klabu isiyotoka popote, ili yeyote aliyechangia, hata Mzungu aliyenunua keki kimyakimya, asiweze kufuatiliwa. Fedha hizo zilinunua petroli ya magari yaliyowabeba watu kazini, na magari mengine yalisajiliwa kwa majina ya makanisa. Gilmore alitoa ushahidi mahakamani juu ya ubaya wa madereva wa mabasi, akafukuzwa kazi, akaendelea kupikia nyumbani kwake. Sala ya King imeandikwa katika vitabu vyote. Sidhani kama ingefika siku ya 381 bila petroli ya Mama Gilmore, na nadhani King alilijua hilo, maana alikuwa mlaji wa mara kwa mara mezani pake.

Na Fannie Lou Hamer. Mtoto wa mwisho kati ya 20 wa wachuma pamba wa Mississippi, ameingia shambani tangu akiwa na miaka 6. Mwezi Agosti 1962, akiwa na miaka 44, alihudhuria mkutano katika kanisa dogo la Ruleville, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 wakapanda basi watu 18 kwenda Indianola kujiandikisha. Akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, akashindwa, kama ilivyokusudiwa. Wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi na kumkamata dereva kwa kosa la basi kuwa la rangi ya manjano iliyokolea mno. Ndani ya basi hofu ikatanda. Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani, mmoja baada ya mwingine, watu wakamwitikia. Faini ya dola 100 ikashushwa hadi dola 30, na abiria wakakung'uta mifuko. Hakuna mmoja aliyekuwa na dola 30, lakini wote pamoja walikuwa nazo. Usiku uleule mwenye shamba alimtaka akafute jina lake au aondoke, na akaondoka, akiwa ameishi na kufanya kazi pale miaka 18.

Mwaka uliofuata alipigwa katika jela ya Winona kiasi cha kuharibika figo, akaenda Atlantic City mwaka 1964 kulisimulia taifa kipigo hicho mbele ya kamera. Mambo hayo utayakuta kila mahali. Utafute pia alichofanya mwaka 1969, alipoanzisha shamba la ushirika lenye benki ya nguruwe: familia maskini inapewa nguruwe jike, na akizaa, baadhi ya watoto wanarudishwa ili familia nyingine ipate. Mfugaji wa Tanzania aliyewahi kuingia katika kopa ng'ombe lipa ng'ombe hatahitaji mwalimu hapo.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakurudisha kwa Mzee Ben na Rit. Mama yule aliyeitazama njia Krismasi ya 1854 hakuachwa. Mwaka 1857 Mzee Ben alikuwa hatarini kwa kuwahifadhi watoro, na Harriet akarudi kuwachukua wazazi wake, ambao hawakuweza tena kutembea usiku kucha. Akatengeneza mkokoteni wa kubahatisha: farasi mzee mwenye kola ya majani makavu, magurudumu mawili ya gari kuukuu, na ubao juu ya ekseli wa kukalia. Wanasimulia kwamba baba hakukubali kuondoka bila shoka lake kubwa la useremala, wala mama bila godoro lake la manyoya. Harriet akavipakia vyote.